Mwenye Nyumba kwa Mshahara wa Kesho

Limezuka miongoni mwetu kundi la wahubiri wa utajiri. Wamo katika semina za hotelini, wamo katika vikundi vya simu vya watumishi, na hata msibani humkosi mmoja. Neno lao ni moja: chukua mkopo, jenga nyumba za kupangisha, mpangaji atakulipia deni nawe umelala. Vijana niliowafundisha wanalimeza neno hili bila kutafuna, na hilo ndilo linalonikera.

Tuchukue hesabu ambayo wahubiri hawaiandiki ubaoni. Kijana akope shilingi 60,000,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, alipe kwa miaka 15. Rejesho la mwezi litakaribia 881,000, na hadi deni liishe atakuwa amerejesha zaidi ya milioni 158. Ajenge nyumba ya wapangaji wanne, kila mmoja akitoa 150,000. Hizo ni 600,000 ikiwa hakuna chumba kitakachokaa kitupu wala paa litakalovuja. Kodi ya zuio ni asilimia 10 ya pango lenyewe, yaani 60,000. Haiulizi benki imechukua kiasi gani. Zimebaki 540,000. Pengo la 341,000 kila mwezi analiziba nani? Mshahara wake. Basi mpangaji hamlipii deni. Yeye ndiye anayeifadhili nyumba anayokaa mpangaji.

Na huo ni mfano wa mwenye bahati. Wengi hawaufikii mkopo wa nyumba hata kidogo, kwa kuwa kiwanja walikinunua kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, na benki inataka hatimiliki. Hukimbilia mkopo wa mshahara, wenye muda mfupi na makato mazito. Kanuni ya kumbakizia mtumishi theluthi moja ya mshahara ipo, lakini asiyeguswa na benki ya pili huguswa na mkopeshaji wa mtaani anayeshikilia kadi yake ya benki. (Wahubiri wetu huita hali hii nidhamu ya fedha.)

Sisemi kijana asijenge. Ajue tu kwamba kodi, riba na ukarabati si ajali za biashara hii. Ndiyo biashara yenyewe. Atenge fedha ya miezi kadhaa isiyo na mpangaji kabla ya kununua tofali la kwanza. Aandike mkataba, awasilishe kodi, atunze risiti. Asiyefanya hivyo hujidanganya kuwa amepata faida, kumbe anakula fedha ya serikali ambayo siku moja itadaiwa pamoja na adhabu.

Lakini lawama isiishie kwa kijana. Tangu 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni kodi ya mwenye jengo, ila anayekatwa ni yule anunuaye umeme, na katika nyumba za kupanga huyo ni mpangaji. Tuliambiwa wataelewana na mwenye nyumba. Nani kati yenu amewahi kumwona mpangaji wa chumba kimoja akimdai mwenye nyumba shilingi 1,000, naye anaombwa pango la miezi sita kwa mkupuo?

Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 serikali ikayatwaa majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Azimio la Zanzibar la 1991 likamfungulia kiongozi mlango. Siitamani ile sheria ya kutwaa majengo irudi. Natamani lile swali lirudi: nyumba ni makazi ya nani, na anayetunga sheria ya pango ana vyumba vingapi?

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa zamani alinipigia. "Mwalimu, Januari napandisha pango, rejesho limenishinda." Nikamuuliza wapangaji wake ni akina nani. Wawili ni walimu wa shule ya msingi. Nao wana mikopo ya mshahara, kwa ajili ya viwanja.