Vazi la Chai ya Kericho

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chai ya Kericho na Bomet ni chema, hapana shaka. Walakini yajiuza kwa jina la nani?

Tangu mwaka 1969 chai hunadiwa Mombasa, hapa hapa kwetu. Sehemu kubwa yaondoka bandarini ndani ya magunia, huchanganywa na ya nchi nyingine ng'ambo, na huko ndiko inakovishwa jina na nguo. Kwa hiyo yeyote anayeifunga chai yetu hapa nchini, akaiandika jina la kilima ilikochumwa, twampa heko.

Juzi, katika duka moja mjini Kericho, tulishika paketi iliyotuvutia kabla hatujainusa. Jina lilikuwa kwa herufi kubwa, miguu yake minene kama nguzo, mistari ya kuunganisha myembamba kama unywele. Tukaigeuza kutafuta uzani na tarehe ya mwisho. Lo! Herufi zile zile, sasa ndogo kama sisimizi, na mistari yake myembamba imezama katika rangi ya karatasi. Tulimwomba kijana wa dukani atusomee, naye akashindwa.

Herufi hizo asili yake ni mwisho wa karne ya 18. Zilichongwa na Bodoni huko Parma, Italia, na ukoo wa Didot mjini Paris, wakati karatasi zilipokuwa laini kiasi cha kuuhimili mstari mwembamba. Hata leo jarida la mitindo Vogue hujipamba kwa herufi za namna hiyo, na kadhalika wauza manukato na vito.

Sisi tuliopitia chuoni siri ya unene na wembamba twaijua. Kalamu ya tete hukatwa ncha mshazari, na unene hutokana na upana wa ncha. Herufi za Bodoni na Didot zafuata kalamu yenye ncha kali, ambayo mstari wake hunenepa ikikandamizwa. Kalamu ni mbili, adabu ni moja: mwandishi wa hati akitaka kubadili ukubwa, hukata kalamu nyingine. Wachongaji wa zamani wa matbaa nao walifanya hivyo. Kila ukubwa waliuchonga upya, na herufi ndogo wakazitia nguvu. Kompyuta, isiposimamiwa na mjuzi, huchukua mchoro mmoja ikaupunguza tu.

Basi rai yetu kwa wafungaji wa chai ni hii. Jina la Kericho, jina la Bomet, livikeni herufi hizo za fahari, kubwa, hata mnunuzi wa mbali alione. Lakini uzani na tarehe ni haki ya mnunuzi, kama ilivyo haki yake mizani iliyo sawa. Viandikeni kwa herufi nene zisizo na madaha, hata bibi mwenye macho hafifu asome mwenyewe.