Mwenye Nyumba ni Jiji

BARAZANI
Na Hamisi Mwinyikombo

Anayerudi kutoka Milano hakosi picha ya Galleria Vittorio Emanuele II: njia mbili za maduka zilizokatana msalaba, zimeezekwa kwa kioo na chuma, kuba likipanda mita 47. Watalii hukanyaga korodani za fahali aliyenakshiwa sakafuni na kuzunguka kwa kisigino, ati bahati. Tuwaachie. Mimi ninamtazama mwenye nyumba.

Mfalme Vittorio Emanuele II mwenyewe aliweka jiwe la msingi mwaka 1865 na mnamo 1867 maduka yakafunguliwa. Kampuni ya Kiingereza iliyojenga ikaishiwa fedha, basi mwaka 1869 jiji likalinunua jengo. Msanifu, Giuseppe Mengoni, hakufaidi: Desemba 30, 1877 alianguka kutoka juu ya kazi yake akafa, lango kuu likiwa karibu kukamilika.

Taa za gesi za kuba zilikuwa juu mno, ngazi haifui dafu. Wakatengeneza kigari cha kujazwa kwa ufunguo kama saa, kikizunguka relini na utambi unaowaka, kikiwasha taa moja baada ya nyingine. Watu walikusanyika chini kukitazama, wakakibandika jina la kipanya. Mabomu ya Agosti 1943 yalisambaratisha paa, likajengwa upya.

Jiji bado linamiliki, na linaamuru. Vibao vya maduka ni maandishi ya dhahabu juu ya nyeusi, basi. McDonald's walikaa humo miaka 20 bila rangi yao nyekundu. Mkataba ulipokwisha 2012 hawakuongezewa. Nafasi ikaenda kwa Prada, waliofungua duka lao la kwanza humo humo mwaka 1913.

Hapo ndipo ninapotofautiana na jiji. Vyumba vikishindaniwa kwa mnada, washindi ni wauza mikoba ya bei ya kiwanja. Libreria Bocca, duka la vitabu lililoanzishwa 1775, litapandaje dau mbele ya hao? Tajiri binafsi akifuata bei ya juu simlaumu, ndiyo biashara yake. Lakini jiji lilinunua jengo hili kwa fedha ya wakazi, na hakuna anayelilazimisha kuchukua dau kubwa kuliko yote. Lililoweza kuamua hata rangi ya kibao linaweza kutenga vyumba vitatu vinne, kwa kodi anayoimudu muuza vitabu.