Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Nilitoka chuo cha ualimu nikafundisha hesabu hadi nikastaafu nikiwa mkuu wa shule. Hata hivyo, hapa Magole bado nabishana na vijana juu ya jambo la kalamu na karatasi tu: ukubwa wa matairi ya pikapu.

Wao husema gari la shamba, lenye kuvuta tela, sharti livalishwe matairi makubwa na mapana. Nasema la hasha! Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Chukua Land Cruiser iliyozoea tairi la 7.50-16, lenye kimo cha kama sentimita 80. Ivalishe la sentimita 88. Kimo kimeongezeka kwa asilimia 10, na gari ni kana kwamba limetiwa gia ya juu mlimani. Nguvu ya kuvuta inapungua kwa karibu sehemu moja ya kumi, na ya breki vilevile. Mshale ukionyesha kilomita 80 kwa saa, wewe unakimbia 88.

Upana nao si dawa ya kila ardhi. Mchangani husaidia, maana tairi halizami. Lakini kwenye udongo wetu mweusi, penye tope juu na pagumu chini, tairi jembamba lenye meno hulikata tope likashika.

Masika moja nilipanda pikapu ya jamaa yangu, ikivuta tela la magunia ya mpunga. Matairi yalikuwa mapya, makubwa, na asubuhi ile hata mimi niliyasifu. Kwenye mwinuko gari likashindwa, likaanza kurudi nyuma. Utingo, kijana niliyemfundisha kuhesabu, akaruka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Tela likamvunja mguu. Hadi leo anachechemea.

Ndugu mwenye gari, kabla hujanunua, soma kibao cha mlangoni ujue kipimo alichokiweka mtengenezaji. Soma na ubavu wa tairi: namba 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, likijazwa upepo ipasavyo. Kisha jumlisha mzigo wako, pamoja na uzito ambao tela linaukandamizia nyuma ya gari.

Ukitaka kupendeza, nunua shati. Usimpe mtoto wa mwenzio jiwe afanye kazi ya breki.