Kabla ya Somo, Tucheke Kwanza

Akina mama wenzangu, mwezi huu nataka tuzungumze juu ya zile dakika kumi za kwanza za kikao. Kikao chochote: umoja wa akina mama kanisani, kikundi cha kuweka na kukopa, darasa la wajawazito pale kliniki. Watu wameketi, wengine hawajuani, kila mmoja ameshika ncha ya kanga yake. Ukianza kufundisha papo hapo, wataongea wale wale watatu wanaoongea siku zote, na wengine watakuitikia "ndiyo, mama" mpaka mwisho. Nao aghalabu ndio wenye maswali mazito. Mjamzito ambaye hajafumbua mdomo tangu alipofika atapata wapi nguvu ya kusema mbele za watu kwamba tangu juzi anaona damu, au kwamba mtoto hachezi tumboni kama zamani? Lakini akishataja jina lake kwa sauti, akacheka na wenzake, ulimi unakuwa mwepesi kidogo. Dalili kama hizo hazingoji kikao kijacho.

Ndiyo maana ipo michezo ya kuchangamsha kikundi. Kwetu Afrika Mashariki si jambo geni. Anne Hope na Sally Timmel, wanawake wawili waliofundisha viongozi wa vikundi nchini Kenya, walikusanya mazoezi mengi ya kikundi katika kitabu chao Training for Transformation cha mwaka 1984, na makanisa mengi yakayatumia. Lakini hata kabla ya semina, bibi zetu walianza hadithi kwa kutega vitendawili ili kila mtoto aitikie kabla ya kusikiliza. Shabaha ilikuwa hiyo hiyo.

Ninaoupenda kuliko yote ni mchezo wa kanga. Kila mama ataje jina la kanga aliyovaa na aeleze aliipataje. Usiogope kwamba wapo wasiojua kusoma. Mwanamke huijua kanga yake kwa jina hata kama herufi hazimwambii kitu, maana aliinunua kwa jina hilo. Aliyevaa kitenge ataje kanga aliyoiacha nyumbani. Mmoja atasema alipewa na mama mkwe, mwingine na mume baada ya ugomvi, na hapo ndipo vicheko huanza. Angalia jambo moja tu: kama kuna wawili wasiosemeshana, mmoja asije akasoma jina la kanga huku akimtazama mwenzake. Kanga zetu zinajua kusema mafumbo!

Wa pili ni wa wawili wawili. Kila mama akae na asiyemjua, waulizane kwa dakika tatu tatu, kisha kila mmoja amtambulishe mwenzake kwa kikundi: mwenzangu anauza dagaa, anapenda kupika, anaogopa paka. Mwenye haya huona ni nafuu kumsemea mtu kuliko kujisemea. Ila waambie mapema kwamba watakayoambiana yatasemwa mbele ya wote, ili asitokee mtu akamwaga siri ya nyumba.

Hapa sasa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo viongozi wengi wanapoumiza watu bila kujua. Upo mtindo wa kusema, "Wenye watoto wawili wasimame! Wenye watatu! Wenye watano, makofi!" Watu wanacheka, kikao kinachangamka kweli. Lakini sisi wauguzi, mama anapofika kliniki, tunaandika mimba ngapi, amezaa mara ngapi, na walio hai ni wangapi. Ni tarakimu tatu, na si kila mara zinawiana. Mama aliyemzika mtoto mwaka jana asimame na kundi lipi? Akimhesabu, ataulizwa yuko darasa la ngapi. Asipomhesabu, amemkana mwanawe mbele za watu kwa ajili ya mchezo. Na yule ambaye hajajaliwa atabaki ameketi peke yake, watu wote wakimwona. Yeye hatasema neno siku hiyo, na kikao kijacho huenda asije.

Kwa sababu hiyo hiyo, katika michezo ya majina kila mtu ataje jina lake mwenyewe alilopewa alipozaliwa, si "mama fulani". Utashangaa wangapi wamekaa kanisa moja miaka kumi na hawajuani majina hayo. Maswali ya waume nayo yaacheni. Wapo wajane, wapo walioachwa, wapo ambao waume zao wako mbali na hawaandiki wala hawapigi simu.

Ukitaka watu wasimame, wapange mstari kwa umbali wa nyumbani kwao, bila kusema, kwa ishara tu: wa karibu huku, wa mbali kule. Wanaoutumia mchezo huu kwa tarehe za kuzaliwa husahau kwamba wazee wengi wetu hawazijui. Huu wa umbali una faida nyingine: kiongozi anaona kwa macho ni nani ana mwendo mrefu, ili asimcheleweshe mpaka giza.

Jambo jingine ni mwili. Ule mchezo wa "nyama, nyama", kiongozi anataja mnyama na watu wanaruka juu akiwa wa kuliwa, ni mzuri sana kwa vijana. (Nguruwe usimtaje, kikundi kitagawanyika.) Kwa akina mama, wapige makofi badala ya kuruka. Wamo wenye mimba, wamo wenye magoti mabovu, na wamo ambao baada ya kuzaa wakiruka au wakicheka sana mkojo unawatoka. Hawa hawatakueleza, watasema tu wamechoka. Kulegea kwa misuli inayoshikilia kibofu hutokea kwa wengi, na mazoezi ya kuikaza na kuilegeza kila siku husaidia. Lakini anayevuja mkojo wakati wote tangu alipozaa kwa shida, huyo huenda ana fistula, naye afike hospitali. Kwa walio wengi hutibika kwa upasuaji. Ukimwona mama anakaa kando kila mara, karibu na mlango, usimvute mkono aje kucheza. Mfuate baadaye, faraghani.

Ukiwa na watu 20 au zaidi, wagawe, la sivyo mchezo utakula saa nzima na somo litakosa nafasi. Dakika 15 zatosha.

Na siku ambayo huna chochote, chukua bakuli la maharage makavu. Lipitishe, kila mama achote kiasi apendacho bila kujua ni ya nini. Kisha kwa kila punje aseme jambo moja juu yake. Aliyejaza kiganja atapiga kelele. Mwambie aishie kwenye tano. Aliyechukua moja aseme moja tu, na asibembelezwe kuongeza. Mwisho maharage yarudi bakulini. Yaoshwe vizuri kabla ya kupikwa, maana yamepita mikono mingi.