Mchezaji aliyeumia kichwa asinyang'anywe nafasi yake

Msomaji, hebu jiulize: mtu akimweleza daktari ukweli kuhusu maumivu yake, akatibiwa na kupona, je, ni haki arudi kazini akute kiti chake kimekaliwa na mwingine?

Swali hilo liliwagawanya mashabiki wa San Francisco 49ers, timu ya kandanda ya Kimarekani, mnamo Novemba 2012. Huo si mchezo wa kabumbu tuliouzoea. Wachezaji hubeba mpira mikononi, huvaa kofia ngumu na kugongana kwa kishindo. Usukani wa timu hushikwa na kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira na kuamua amrushie nani.

Kwotabeki wa 49ers alikuwa Alex Smith. Katika mechi nane za kwanza za msimu huo, timu ilikuwa imeshinda sita. Kisha Novemba 11, dhidi ya St. Louis Rams, aligongwa akapata mtikisiko wa ubongo. Kijana Colin Kaepernick akaanza mechi iliyofuata, na Chicago Bears wakalazwa 32-7.

Madaktari walipomruhusu Smith kurejea, kocha Jim Harbaugh aliamua kubaki na Kaepernick.

Waliomuunga mkono kocha wana hoja nzito. Kaepernick alikuwa na mbio, na aliifikisha timu kwenye fainali ya Super Bowl Februari 2013, ingawa ilishindwa 34-31 na Baltimore Ravens. Smith alihamia Kansas City Chiefs mwaka huo huo. Kazi ya kocha, wanasema, ni kushinda.

Nakubali. Hata hivyo, naamini Harbaugh alikosea, na sababu yangu ni ya kiafya.

Mguu ukivunjika, picha ya eksirei huonyesha. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauonekani kwenye picha za hospitali. Daktari hulazimika kumtegemea sana mgonjwa mwenyewe aseme kama anaumwa na kichwa, ana kizunguzungu au kichefuchefu, anaona ukungu, au amesahau yaliyotokea. Mgonjwa akidanganya, daktari hana pa kushika.

Sasa jiweke mahali pa wachezaji wengine wa 49ers. Walimwona mwenzao akikaa nje kama alivyotakiwa, na kilichomkosesha nafasi si kucheza vibaya bali ni kuumia. Je, atakayegongwa kesho atasema ukweli? Thubutu! Atasema yuko sawa na kurudi uwanjani.

Hapo ndipo penye hatari. Ubongo ukipigwa tena kabla haujapona, huweza kuvimba vibaya na kumwua mtu. Jambo hilo ni nadra, lakini vijana ndio walio katika hatari zaidi. Wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi kifo humuumbua.

Ninalopendekeza ni jambo dogo. Aliyekuwa chaguo la kwanza kabla ya kuumia kichwa arudishiwe nafasi yake madaktari wakisharidhika. Akicheza vibaya baada ya hapo, kocha ana haki ya kumweka benchi. Hapo atakuwa amehukumiwa kwa mchezo wake, si kwa ugonjwa wake.

Nawe mzazi ambaye mwanao hucheza raga au kabumbu shuleni, usidhani haya ni ya Wamarekani pekee. Akigongwa kichwa na kuonyesha dalili nilizotaja, asirudi uwanjani siku hiyo, na apelekwe kwa daktari. Akitapika tena na tena, akizidi kusinzia au kuzirai, mkimbize hospitalini mara moja.

Kisha mtafute mwalimu wa michezo umwulize: mwanangu akikiri kwamba kichwa kinamuuma, nafasi yake itamngoja? Jibu lake ndilo litakaloamua kama mtoto atasema ukweli.