RANGI SIYO DAWA YA KUVU

Ndugu wanachama,

Mwenye chumba kule Kariakoo, tunakoweka magunia yetu ya mahindi kabla ya kupelekwa soko la Tandale, ametuletea habari kuwa ukuta umekwisha tengenezwa. Wajumbe wawili wa Kamati walikwenda kuutazama. Umepakwa rangi! Unang'aa, na harufu ya kuvu iko palepale. Tena wapo wenzetu hapa kijijini wanaosema tusimsumbue mtu, eti Dar es Salaam ni pwani, kila nyumba ina kuvu.

Sisi hatukubali maneno hayo. Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali, hata huku kwetu, ila ni ndogo hazionekani. Zinangoja maji tu. Kitu kikilowa siku mbili tatu bila kukauka, zinaota. Hazili saruji, zinakula vumbi, karatasi, mbao, na hiyo rangi yenyewe. Na ukutani mle maji yapo: bomba la choo cha ghorofa ya juu linavuja. Zamani nyumba za Kariakoo zilikuwa za chini, zina ua nyuma, upepo unapita. Leo ghorofa zimebanana, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Hatusemi zibomolewe. Tunasema chumba kisicho na upepo, chenye bomba bovu, siyo ghala.

Gunia likiegemea ukuta huo linanyonya maji. Mahindi tuliyoanika juani wiki nzima mpaka unyevu ukashuka chini ya asilimia 13 yanarudia ubichi. Hapo ndipo inapoota kuvu ya kijani yenye sumukuvu, sumu inayoua ini. Kusaga hakuiondoi, kupika hakuimalizi. Kenya mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake, waliugua watu 317 wakafa 125. Hapa Tanzania mwaka 2016, Dodoma na Manyara, walikufa wapatao 20. Hawakulishwa na adui, jamani. Walikula ugali.

Na vijana wetu wanaolala mlemle kulinda magunia wanakohoa usiku kucha. Mwenye pumu amekwisha rudi nyumbani. Nani atawalipa hao?

Kwa hiyo Kamati inapendekeza kodi isilipwe mpaka bomba lizibwe, lipu iliyolowa ibanduliwe na ukuta ukauke kwanza. Magunia yahamishwe, na kokote yatakakokaa yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Tutapiga kura Jumamosi saa 4 asubuhi, ofisi ya ushirika.

Yale yaliyoota kuvu yatafukiwa. Tumesikia minong'ono kwamba yapewe kuku, au yapikiwe pombe. Kuku nao wanakufa kwa sumu hiyo, na pombe ya mahindi hayo ni sumu kikombeni. Mwenye kutaka kuyatetea aje Jumamosi aseme mbele ya watu.

Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati