Habari za Kale: Vita Visivyopigwa

Wapenzi wa hadithi za mashujaa wanaijua vema njia ya vitabu vya namna hiyo. Askari kijana wa Malkia Victoria hushuka merikebuni, hupewa bunduki na wapagazi, huvuka nyika yenye kiu, na kabla ya kurasa hamsini kwisha adui amekwisha kutokea kilimani. Kisha huja shambulio la alfajiri, moshi wa baruti, rafiki mmoja hufa kifo cha heshima, na jioni wachache hushinda wengi. Wapagazi waliobeba vyakula na risasi hawatajwi tena, ila pale mmoja wao anapotoroka.

H. Rider Haggard ndiye aliyewafundisha wengi njia hiyo. Alikuwa amefanya kazi Natal na Transvaal, na kitabu chake cha mwaka 1885 kilipata kutafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mwaka 1887 alitoa kitabu kiitwacho Allan Quatermain. Humo Wazungu watatu, pamoja na Mzulu Umslopogaas na shoka lake, wanatoka Lamu, wanapanda Mto Tana, na kuwashambulia Wamasai alfajiri bomani mwao ili kumwokoa binti wa mmisionari. Mapigano hayo yameandikwa kwa ustadi hata msomaji husahau kula. Lakini Haggard hakupata kuuona Umasai kwa macho yake. Ndugu yake alikuwa balozi mdogo Lamu, na mengine aliyapata katika kitabu cha msafiri Joseph Thomson, aliyepita katika nchi hiyo mwaka 1883 na 1884.

Miaka minane baada ya kitabu hicho, jambo la kweli lilitokea upande wa pili wa Ukikuyu, na shauri lake likaangukia mikononi mwa bwana mmoja wa Machakos.

Machakos wakati ule palikuwa ndipo mahali pakubwa pa Serikali katika Ukamba. Jina lake latokana na Masaku, mkuu wa Wakamba aliyesifika kwa uaguzi. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilijenga kituo hapo mwaka 1889, misafara ya kwenda Uganda ikawa inapumzika na kununua chakula. Mashujaa wa namna ya vitabuni walipita hapo kweli. Kapteni Lugard, aliyepigwa risasi iliyomjeruhi mikono yote miwili huko Karonga mwaka 1888 alipokuwa akipigana na mfanya biashara ya watumwa Mlozi, alifika Machakos mwaka 1890 akielekea Uganda. Lakini John Ainsworth, aliyeshika kituo hicho tangu mwaka 1892, hakuwa askari. Alikuwa mtu wa karibu na Manchester aliyeanza kazi zake za Afrika katika biashara ya Kongo. Hata Kampuni ilipoondoka na Serikali kuitwaa nchi katikati ya mwaka 1895, yeye alibaki kuwa mkubwa wa Ukamba.

Mwezi wa Novemba mwaka huo msafara wa watu kama 1,100 ulikuwa ukirudi kutoka Ravine, ulikopeleka vyakula. Wachache walikuwa Waswahili wenye bunduki. Waliobaki, karibu elfu nzima, walikuwa Wakikuyu. Walipofika bonde la Kedong wakapiga kambi karibu na maboma ya Wamasai. Baadhi ya watu wa msafara wakawakamata wasichana wa Kimasai. Wazee walijaribu kuwazuia vijana wao, lakini hasira ya morani haikuzuilika. Wakauangukia msafara kwa mikuki. Mtu mwenye mzigo kichwani hana njia ya kupigana, na bunduki za zamani zikiisha kulia mara moja hazifai kitu mbele ya mkuki ulio karibu. Watu zaidi ya 600 waliuawa. Walionusurika walikimbilia Ukikuyu, kwenye ngome ya Fort Smith.

Hapo ndipo alipotokea mtu wa vitabuni hasa. Andrew Dick, Mzungu aliyepata kuitumikia Kampuni na sasa akifanya biashara yake mwenyewe, alikuwa karibu na bonde hilo. Alipopata habari hakungoja amri ya mtu. Aliteremka pamoja na Wafaransa watatu waliokuwa wasafiri tu, akawashambulia Wamasai, akateka ng'ombe wao. Husemwa kwamba Wamasai kama mia moja walikufa siku ile. Kisha Dick naye akachomwa mkuki akafa. Kama Haggard angeandika habari hii, bila shaka ingeishia hapo, shujaa amelala katikati ya adui zake, na mlango unaofuata ungekuwa wa jeshi linalokuja kulipa kisasi.

Kisasi kilidaiwa kweli. Mzungu ameuawa, na mamia ya watu wa msafara wa Serikali wamelala porini. Nani angeuliza zaidi? Wakamba nao walikuwa na uadui wa miaka mingi na Wamasai kwa ajili ya ng'ombe, na Ainsworth asingekosa vijana wa kufuatana naye. Wala hakuwa mtu mwororo, kwa maana Wakamba wenyewe walipopinga amri zake aliwapelekea askari zaidi ya mara moja.

Lakini safari hii aliketi akasikiliza. Waliookoka waliulizwa, na Wamasai wakaulizwa vilevile. Mwisho Ainsworth aliamua kwamba watu wa msafara ndio walioanza ubaya, na kwamba Dick aliwashambulia watu ambao Serikali haikuwa imetangaza vita juu yao. Hakuna jeshi lililotumwa Kedong.

Haki tupu siyo iliyofanya kazi peke yake. Wakati huohuo Serikali ilikuwa ikipigana pwani na Mbaruk bin Rashid wa kabila la Mazrui, vita vilivyoendelea hata mwaka 1896, na askari hawakutosha. Njia ya Uganda ilipita katikati ya malisho ya Wamasai, na reli ilikuwa karibu kuanza kujengwa. Mtu mwenye hesabu za biashara kichwani aliweza kuona gharama ya vita ingekuwa kiasi gani. Hata hivyo mkubwa mwingine, mwenye hesabu zilezile mbele yake, angeweza kuita vita kwanza na kuhesabu baadaye. Wamasai nao, chini ya laiboni wao Lenana, walikuwa wamepungua kwa maradhi ya ng'ombe na ndui, nao walishika amani.

Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi bila ya kupita Machakos, na makao ya Ainsworth yakahamia huko. Mwaka 1917, katika vita vikuu na Wajerumani, yeye ndiye aliyewekwa kusimamia kazi ya kukusanya wapagazi wa jeshi, watu walioitwa Kariakoo, ambao maelfu kwa maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Wakamba wengi walikuwa miongoni mwao.

Habari ya Kedong imesimuliwa mara nyingi tangu hapo, na karibu kila msimulizi hukaa sana juu ya Dick na bunduki yake. Wakikuyu waliobeba chakula cha Ravine hupewa mstari mmoja wa hesabu.